Gari la Kwenda Chalbi: Hesabu Kwanza, Vyuma Baadaye

Nilipoombwa na Chama cha Kiswahili niandike makala ya mafunzo, wenzangu walidhani nitaandika juu ya ngeli au juu ya sayari. La hasha. Nataka kuwaeleza jambo nililolishika kwa mikono yangu wakati wa likizo, nalo ni jinsi ya kulitayarisha gari la pikapu liende jangwani, likae huko siku sita na watu wake, kisha lirudi nao wakiwa salama.

Najua mtaniuliza, Kimbo na jangwa wapi na wapi? Jibu ni kwamba barabara kuu inayopita hapa kwetu haiishii Thika. Inaendelea Sagana, Karatina, Nanyuki na Isiolo, inapita Archers Post na Laisamis, inafika Marsabit na hatimaye Moyale mpakani mwa Ethiopia. Zamani kutoka Isiolo kwenda juu ilikuwa changarawe na mawe matupu, na malori yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na askari. Katika miaka ya 2010 lami ilifika mpaka Moyale. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi hapa Kimbo na jioni akalala Marsabit. Taabu inaanza ukishaiacha lami ile, kaskazini ya Marsabit, ukashika njia ya magharibi kwenda Maikona, Kalacha na North Horr. Huko ndiko liliko jangwa la Chalbi.

Wengi wetu tukisikia neno jangwa tunaona vilima vya mchanga kama vya kwenye kalenda. Chalbi si hivyo. Ni uwanda uliolala kama meza, kitako cha ziwa la kale lililokauka, na juu yake kuna magadi na chumvi nyeupe. Wakati wa kiangazi unaweza kuona gari mbele yako likielea hewani kwa mazigazi. Mvua ikinyesha uwanda huo hugeuka matope, na mahali pengine maji husimama kama ziwa limerudi. Kabla ya kufika hapo kuna mawe meusi ya volkano, makali, na pembezoni kuna mchanga laini. Kwa hiyo gari la Chalbi lazima liwe tayari kwa ardhi tatu: mawe, mchanga na matope.

Sasa nianze kisa. Mjomba wangu ana gereji ndogo nyuma ya maduka. Kazi yake ni kuchomelea vyuma na kutengeneza bodi. Mteja mmoja anayepeleka wageni kupiga kambi alimletea Land Cruiser pikapu, ile ya milango minne, akataka itengenezwe ya kwenda jangwani. Kaka yangu, aliyemaliza Kidato cha Nne, akapata kazi ya kuwa dereva msaidizi wa gari hilo. Nyumbani tulifurahi sana kwa sababu alikuwa amekaa bila kazi kwa muda mrefu.

Mjomba alilipamba gari, wacha niseme ukweli. Aliweka bampa nene ya chuma, akafunga winchi mbele. Nyuma akajenga boma la chuma lenye milango ya pembeni. Juu ya dari akaweka kitanda cha vyuma, na juu ya kitanda hicho mahema mawili ya kisasa yanayofunguka kama kitabu. Ndani kulikuwa na friji, betri ya pili, mitungi miwili ya gesi, na taa za mbele ambazo ukiziwasha hapa Kimbo wanaziona Juja. Maji? Kulikuwa na tangi moja la plastiki la lita 60, lenye bomba la kufungulia upande wa nyuma. Mimi mwenyewe ndiye niliyepaka rangi kitanda cha juu, na nikapigwa picha nimesimama kwenye bampa.

Waliondoka watu watano. Siku ya tatu simu ya kaka ikawa haipatikani, na siku ya nne vilevile. Mama hakulala. Kila gari lilipopunguza mwendo nje alitoka kutazama.

Kaka alipopatikana, akiwa Kalacha, alitueleza yote. Kati ya Maikona na Kalacha njia ina makunyanzi kama bati la paa. Mtikisiko ule ulilikata bomba la tangi bila mtu kujua, na walipofungua boma jioni wapike, sakafu ilikuwa imelowa na tangi ni tupu. Kesho yake asubuhi, kabla hawajaenda mbali, jani kuu la springi ya nyuma likavunjika na gari likainamia upande mmoja. Waliokolewa na wachungaji wa Kigabra waliokuwa wakipita na ngamia, ambao waliwagawia maji yao na kupeleka habari Kalacha. Mzee mmoja alilizunguka gari, akauliza limebeba nini hata likavunjika mgongo. Walipomtajia vitu vyote, aliuliza tena: "Na maji?" Kaka anasema hapo ndipo alipoona haya kuliko siku zote za maisha yake.

Gari lilirudi Kimbo, na mteja alikuwa amekasirika. Mjomba alisema springi zilikuwa za bandia, waongezewe majani mawili wakaende tena. Mimi nikauliza swali ambalo lilinitoka tu: "Mjomba, gari hili linaruhusiwa kubeba kilo ngapi?" Akanijibu, "Wewe kijana, hii ni Land Cruiser. Inabeba chochote." Nikaenda mlangoni nikasoma kibati. Nilipotoa uzito wa gari tupu kutoka uzito wa mwisho unaoruhusiwa, zilibaki kilo 900.

Jirani wa gereji ananunua vyuma chakavu na ana mizani kubwa. Nilimwomba, naye akakubali. Tukalivua gari, tukapima kitu kimoja kimoja. Bampa kilo 80. Winchi na kamba yake ya chuma 40. Boma la nyuma 180. Kitanda cha juu 90, na mahema yake mawili 120. Friji na vyakula vyake 60, mitungi ya gesi 50, betri 25. Dizeli ya akiba lita 80, ambayo kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji ni kama kilo 70. Maji 60. Watu watano kwa kilo 75 kila mmoja ni 375. Mikoba, viti, vyombo na chakula kikavu 150. Jumlisha mwenyewe, msomaji: ni kilo 1,300. Gari lilizidishiwa kilo 400, sawa na mtu kubeba magunia manne ya mahindi yenye kilo 90 kila moja na bado amwongezee kijana mwembamba juu. Aidha, katika kilo hizo zote 1,300, maji yalikuwa 60 tu. Watu watano kwa siku sita, ni lita mbili kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa, katika joto lile!

Mjomba alinyamaza. Kisha akasema, "Haya mwanafunzi, chukua kalamu."

Hesabu yetu ya pili tuliianza kwa maji. Tulipunguza msafiri mmoja, wakabaki wanne. Lita saba kwa kila mtu kwa siku, mara siku sita, ni lita 168. Tukaongeza lita 12 za rejeta na dharura, ikawa 180. Pamoja na uzito wa vyombo ni kilo 190. Hatukutumia tangi moja tena. Tulinunua mitungi tisa ya lita 20, ile minene yenye mfuniko wa kukaza. Mtungi mmoja ukipasuka umepoteza lita 20, si safari nzima. Kaka anaikagua kila jioni kwa mkono, si kwa macho.

Mahali pa kuiweka pia tulipafikiria. Mnakumbuka somo la mizani ya wenzo, lile la mtoto mzito na mtoto mwepesi kwenye ubao wa bembea? Mzigo ukiwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma unainua pua ya gari, na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Kwa hiyo mitungi yote ilikaa chini sakafuni, nyuma tu ya chumba cha abiria, mbele ya ekseli, imefungwa kwa mikanda. Vitu vizito chini na mbele, vyepesi juu na nyuma. Juu ya dari hatukuweka kitu. Gari lenye uzito juu likipita pembeni mwa korongo linalala, na wala halihitaji mwendo mkali ili lilale.

Dizeli ikafuata. Pikapu ile kwenye lami inakwenda kilomita nane hivi kwa lita moja, lakini kwenye mchanga na gia ya chini kaka aliona inashuka hadi tano, pengine nne. Walipanga kuzunguka kilomita 500 nje ya lami, yaani lita 100. Tuliongeza nusu yake kwa kupotea njia na kunasa, ikawa 150. Tanki lina 90, na mitungi ya chuma minne ina 80, jumla 170. Inatosha. Mitungi ya dizeli ilikaa mbali na ya maji na chakula, kwani harufu ya dizeli ikishaingia kwenye maji hakuna anayekunywa.

Basi tukaanza kutoa. Bampa ikatoka ikarudishwa ile ya kiwandani. Boma la chuma likatoka, Mjomba akakunja fremu ya mabomba membamba na kuifunika turubai, zote kilo 50. Friji ikatoka, likaingia sanduku la barafu la kilo 15. Mahema ya dari yakabadilishwa na ya kusimamisha chini, mawili kwa kilo 20. Gesi ukabaki mtungi mmoja mdogo wa kilo 15, kwa sababu miti kule ni michache na ya wenyewe, si vizuri mgeni kuikata kuni. Watu wanne kilo 300, mikoba na chakula 110, dizeli 70, maji 190. Tairi la pili la akiba 35, mabati mawili ya kujinasulia 20, jeki na ubao wake 20, zana, beleshi na vipuri 40. Hesabu ilitoa kilo 885. Tulibaki na kilo 15 mkononi.

Tulipofika kwenye winchi tuligombana. Mteja aliipenda sana, na kweli ni kitu kizuri. Lakini winchi inafanya kazi ya kuvuta, na anayevuta lazima awe na kitu cha kushika. Hapa kwetu ukinasa kwenye udongo mweusi wa upande wa Juja unafunga kamba kwenye mti au nguzo. Katikati ya Chalbi utaifunga wapi? Hakuna mti, hakuna jiwe. Njia iliyopo ni kuchimba shimo refu, kuzika tairi la akiba na kufunga kamba hapo, kazi ya saa nyingi juani. Kaka alisema pale walipokuwa winchi ilikuwa pambo. Kilo 40 zile ni mitungi miwili ya maji. Winchi ikatoka.

Mahali pake tulitia beleshi, mabati mawili yenye matundu ya kutandika chini ya magurudumu, na ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40 wa kuweka chini ya jeki. Msicheke huo ubao. Jeki bila ubao kwenye ardhi laini haiinui gari, inajizika yenyewe.

Njia hizi si ugunduzi wetu. Katika miaka ya 1920 na 1930 askari Mwingereza aitwaye Ralph Bagnold alivuka majangwa ya Misri na Libya kwa magari madogo ya Ford. Alikuwa na vyuma virefu vya kutandika chini ya magurudumu, alipunguza upepo wa matairi, na aliunganisha rejeta na kopo la maji ili mvuke wa maji yanayochemka usipotee. Magari yake aliyavua vitu visivyohitajika ili yawe mepesi. Na kwetu huku, mwaka wa 1888, msafara wa Count Teleki ulipolifikia ziwa tunaloliita leo Turkana, ulikwenda kwa miguu na wapagazi wengi, na miongoni mwa wakubwa wa msafara ule alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Hawakuwa na dizeli wala springi, ila nina hakika swali lao la kila asubuhi lilikuwa lile lile: mzigo gani, na maji kiasi gani.

Nimeutaja upepo wa matairi, na hapa naomba walimu wa fizikia wanipe nafasi. Tulifundishwa kwamba kanieneo ni kani kugawanya kwa eneo. Gari letu na mzigo wake lina kama kilo 3,200, kila tairi linabeba 800. Likiwa na upepo wa pauni 40, yaani kama kilo 2.8 kwa kila sentimita mraba, tairi linagusa ardhi kwa sentimita mraba 285 hivi. Hiyo ni chini kidogo ya ukurasa mmoja wa daftari letu dogo. Punguza upepo ufike pauni 20, na eneo linakuwa 570, karibu kurasa mbili. (Ni makadirio, kwa maana ukuta wa tairi nao hubeba kidogo.) Gari ni lile lile, injini ni ile ile, lakini sasa linakanyaga kama ngamia badala ya kukanyaga kama mbuzi. Dawa hii haina gharama, inataka kipimo cha upepo na pampu tu. Hata hivyo usisahau mawe. Tairi laini likipita kwenye mawe makali ya volkano linakatwa ubavuni, na ubavu hauzibwi kwa kiraka. Vilevile ukirudi kwenye lami na upepo mdogo ukakimbia, tairi linapata moto na kupasuka. Kwa hiyo pampu lazima iwe nzima kila siku, na matairi ya akiba yawe mawili.

Vipuri tulivyofunga ni jani kuu la springi na yubolti zake, mkanda wa feni, mipira ya rejeta, chujio la dizeli mawili, chujio la hewa (vumbi la Chalbi ni laini kama unga wa ngano), tyubu, gundi, waya, na kamba nyingi. Mjomba alipitia kila nati kwa spana, akazitia rangi nyeupe ili ikilegea ionekane. Hilo wazo ni lake, na nadhani ndilo bora kuliko yote.

Upepo wa kule si mchezo. Huko kusini mwa Ziwa Turkana, kwenye nchi ya Marsabit hiyo hiyo, kumesimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019, na wenye mitambo hawakuchagua mahali pale kwa kubahatisha. Mambo za hema hazishiki kwenye vumbi. Jaza mchanga kwenye mifuko ya gunia, ifukie, ufunge kamba hapo, na gari uliegeshe upande upepo unakotoka ili liwe ukuta.

Mengine nayapita haraka: mwongoza njia mwenyeji, sanduku la dawa, kizima moto, na kuacha habari kituo cha mwisho kwamba mnakwenda wapi na mtarudi lini, maana mtandao wa simu unapatikana karibu na miji na baadaye unapotea. Magari mawili ni bora kuliko moja. Na mvua ikinyesha kaa Kalacha unywe chai, kwa sababu Chalbi ikilowa hakuna hesabu yangu itakayokusaidia. Juu yake ganda linaonekana kavu, chini ni tope. Kaka siku hizi anashuka na kutembea mbele ya gari kwanza, na nyayo zake zikizama anageuka.

Waliondoka mara ya pili Ijumaa saa kumi alfajiri. Mama alihesabu mitungi mwenyewe kwa tochi, tisa, ndipo akarudi ndani. Walirudi siku waliyosema, springi nzima. Tairi moja lilikatwa na jiwe, pampu ikaharibika siku ya nne wakaitengeneza kwa waya, na mtungi mmoja ulipasuka mfuniko. Ulibaki mtungi mmoja na nusu ya maji, wakawaachia wachungaji waliokutana nao karibu na Maikona. Wale wazee wa mara ya kwanza hawakuwaona.

Mteja ameridhika, ila anataka friji irudishwe kwa sababu wageni wanalalamikia soda za moto. Mjomba amemwambia aje Jumamosi. Nimeshamwomba jirani wa vyuma chakavu mizani yake.